Rivyu ya goshiwon niliyokaa Sinchon, kwa anayeanza maisha Seoul

Wadau mnaokuja Korea muhula wa Machi au Septemba na bweni la chuo mmelikosa, hii ni yenu. Nimekaa goshiwon pale Sinchon, karibu na stesheni ya laini namba 2, mtaa wa wanafunzi maana vyuo vya Yonsei, Ewha na Sogang vyote viko jirani, na nataka niieleze kama ilivyo kwa sababu mtandaoni wapo wanaoipamba mpaka unadhani ni hoteli na wapo wanaoiponda mpaka mtu anaogopa kuja. Jina la nyumba sitaji ila za mtaa ule zinafanana sana, kwa hiyo utakachosoma hapa hata ukipanga ya jirani utakikuta.

Kwa asiyejua, goshiwon ni nyumba ya vyumba vidogo sana vya mtu mmoja mmoja, jiko la pamoja, mashine ya kufulia ya pamoja. Zamani walikuwa wanakaa watu wanaojisomea mitihani ya serikali, hasa mitaa ya Sillim na Noryangjin, mtu anajifungia na vitabu mwaka mzima au zaidi. Ule mtihani mkubwa wa kuwa hakimu au mwanasheria ulifutwa, wa mwisho ulifanyika 2017, na siku hizi ukiingia goshiwon utakuta mchanganyiko: wanafunzi, wageni kama sisi, vijana walioanza kazi juzi, na wazee wanaoishi peke yao. Ukiona imeandikwa goshitel au livingtel ni kitu kile kile, wamepaka rangi na kuongeza bei.

Msimamo wangu nauweka hapa hapa mapema: kwa miezi ya mwanzo Seoul sijaona mpango mzuri kuliko huu kwa mtu mwenye hela ya kuhesabu. Ila kwa miezi ya mwanzo tu, na uchague chumba kwa macho yako mwenyewe.

Sababu kubwa ni dipoziti. Ukitaka kupanga chumba cha kawaida chenye jiko lake, wanaita wonrum, maeneo ya vyuo unaombwa dipoziti ya won milioni 5 na mara nyingi ni milioni 10, hapo hujalipa kodi ya mwezi, hujamlipa dalali, na mkataba ni mwaka au miaka miwili. Hela hiyo inarudi ukihama, sawa, lakini mtu aliyeshuka uwanja wa ndege wa Incheon jana na mabegi mawili ataitoa wapi? Kuna na mfumo wao wa jeonse, unampa mwenye nyumba hela nyingi sana kwa mkupuo halafu kodi ya mwezi hulipi, huo mgeni mpya usiuguse kabisa, Wakorea wenyewe wengi wamelizwa akiba zao miaka hii ya karibuni na matapeli wa jeonse. Goshiwon haina hayo. Dipoziti hakuna, au ipo kidogo tu kwa ajili ya funguo na usafi, unalipa mwezi kwa mwezi, na ndani ya kodi hiyo hiyo kuna umeme, maji, wifi, eisi ya kiangazi na joto la kipindi cha baridi. Mtaani kwetu bei zilikuwa zinacheza kati ya laki tatu na nusu na laki sita kwa mwezi kutegemea una dirisha gani na kama bafu liko chumbani. Kwa Seoul hiyo ni hela inayoelezeka.

Sasa chumba chenyewe. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kitanda ni chembamba na upande wa miguu kinaingia chini ya meza ya kusomea, yaani ukilala miguu iko chini ya meza, ukiamka unakaa hapo hapo kitandani au unavuta kiti unaanza kusoma. Juu ya kichwa kuna kabati limegongewa ukutani, pembeni friji ndogo ya kuweka maji na mayai, na kama umelipia chumba chenye bafu basi bafu ni kiboksi cha kioo chenye choo, sinki na bomba la kuogea vyote ndani, ukioga choo nacho kinaoga. Mabegi makubwa hayana pa kukaa, uliza siku ya kwanza kama kuna stoo, kwetu ilikuwepo. Mimi nimeshazoea vyumba vidogo lakini nakwambia siku za mwanzo kifua kinabana, halafu mwili unazoea, unajikuta kila kitu kiko umbali wa mkono mmoja na hata kusafisha ni dakika kumi umemaliza.

Ila dirisha ndo suala zima, hapa naomba unisikilize. Vyumba viko vya aina mbili, vya dirisha la nje wanaita oechang na vya dirisha la ndani wanaita naechang, hili la ndani linafungukia kwenye korido, yaani hewa unayopata ni ya korido na mwanga ni wa taa. Tofauti ya bei ni makumi ya elfu za won kwa mwezi na mtu mgeni anaona bora aokoe, anachukua cha ndani. Usifanye hivyo. Kuanzia mwisho wa Juni mpaka Julai kuna msimu wa mvua, jangma, hewa inakuwa nzito na maji maji, nguo ukianika chumbani hazikauki zinanuka, na ukuta wa nyuma ya kitanda unaanza kuota ukungu mweusi. Rafiki yangu wa korido ile ile alikuwa na chumba cha ndani, shuka zake alikuwa anazibeba kwenda kukausha kwenye mashine za kulipia za mtaani kila wiki, na alikohoa msimu mzima mpaka alipohamia chumba cha nje. Hapo ile akiba ya kodi ilikuwa imeshaisha zamani. Serikali ya jiji la Seoul nayo ililiona hilo, tangu Julai 2022 goshiwon mpya zinazojengwa zinatakiwa kila chumba kiwe angalau mita 7 za mraba, 9 kama kina bafu, na dirisha la nje ni lazima. Shida ni kwamba zile za zamani ndo nyingi na hazibanwi na hilo, kwa hiyo macho yako ndo sheria yako.

Jiko. Aisee jiko nalipa alama zote. Karibu kila goshiwon utakuta wali wa bure na kimchi ya bure, ile kabichi yao ya kuchachusha yenye pilipili, nyingi zinaweka na ramyeon, yaani tambi za pakiti, na nyingine mayai. Kuna rice cooker kubwa inakaa na joto saa 24, unachota unavyotaka, hakuna anayekuhesabia. Mwisho wa mwezi hela ikikata hufi njaa, hilo peke yake kwa mwanafunzi ni kitu kikubwa mno. Lakini kuna utaratibu ambao hakuna mtu anakuandikia: ukimaliza wali wa mwisho, wewe ndo unaosha sufuria na kupika mwingine. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa chumba cha mwisho, ajeossi, ndivyo wanavyomwita mwanaume wa makamo, anayetoka kabla hakujapambazuka kwenda kufanya kazi za ujenzi, Kikorea changu kilikuwa cha kuokoteza, akanishika mkono akaniita haksaeng, yaani wewe mwanafunzi, akachukua mchele akauosha maji mara tatu mpaka yakawa karibu meupe safi, akaweka kiganja juu ya mchele, akamimina maji mpaka yakafunika mgongo wa mkono, akafunga, akabonyeza, akaondoka zake bila maneno mengi. Tokea siku ile nikimkuta jikoni nainamisha kichwa namsalimia ajeossi annyeonghaseyo na yeye anasogeza sahani ya kimchi upande wangu. Kama unataka kujua Wakorea wanaishije na jirani, kozi ya lugha haikupi hiyo.

Friji ya pamoja andika namba ya chumba kwenye kila kitu chako, maziwa, mayai, hata kitunguu, kila mtu anafanya hivyo na hakuna anayeona vibaya. Chakula chenye harufu kali pika mchana watu wakiwa nje, washa feni ya kuvuta moshi, futa jiko ukimaliza. Kwa Waislamu, ile ramyeon ya bure mara nyingi ina nyama ya ng'ombe isiyo halali au nguruwe kwenye unga wa supu, soma pakiti au ipige picha na app ya Papago ikutafsirie, na kimchi nyingi zina sosi ya samaki na kamba wadogo, mwenye aleji ya vyakula vya baharini aangalie sana. Nyama halali nilikuwa nachukua mtaa wa Itaewon karibu na ule msikiti mkuu wa Seoul, uliofunguliwa 1976, maduka yamejipanga kwenye kile kilima chote, viungo vipo, na ukibahatisha unga wa mahindi pia. Jamaa wa mji wa Ansan wao wana mtaa wao wa Wongok-dong ambao una kila kitu kwa hiyo hawana haja ya kuja huku.

Taka ni somo lingine. Korea nzima takataka za kawaida zinaingia kwenye mifuko maalum ya kulipia, mfumo upo tangu 1995, mabaki ya chakula yana ndoo yake, chupa za plastiki zinavuliwa lebo zinaenda kwenye zake, makaratasi kwake. Goshiwon inakurahisishia maana mifuko na ndoo vinawekwa na wenye nyumba, wewe unatenganisha tu, ila ukichanganya kamera ya korido imekuona na karatasi itabandikwa ukutani bila jina lakini kila mtu atajua ni nani. Jifunzie hapo, siku ukihamia kwako mwenyewe faini ni ya mfukoni mwako.

Kelele. Kuta ni nyembamba kweli kweli, jirani akipiga chafya unamsikia, simu yake ikitetemeka mezani unasikia. Kwa hiyo simu zote zinapigwa nje au kwenye ngazi, alamu unaweka mtetemo, mlango unaufunga kwa mkono polepole mpaka ushike. Sisi tumezoea kuongea na nyumbani kwa sauti, na masaa ya nyumbani na ya Korea yanapishana sita, wao wanapomaliza kula chakula cha usiku wewe huku ni usiku wa manane, so hii itakugusa. Mimi nilikuwa naenda kuongea kwenye kile kibaraza cha juu ya paa la nyumba au natembea mtaani, usiku Sinchon kuna watu mpaka asubuhi na ni salama. Wageni wa kulala hawaruhusiwi, na sehemu nyingi floo za wanawake na wanaume ni tofauti, mwingine haingii hata kusalimia. Wapo wanaolalamika kuhusu hili, mimi nasema ukikaa ugenini peke yako ule utulivu una faida yake, dada zetu hasa wameniambia walijisikia salama.

Jambo ambalo watu hawaliulizi na ndo muhimu kuliko yote ni makaratasi. Ndani ya siku 90 tangu uingie nchini lazima ujiandikishe uhamiaji upate kadi ya ukaazi, na watakuomba uthibitisho wa unapoishi. Na bila hiyo kadi maisha yanakwama, benki inasumbua, laini ya simu ya jina lako hupati, na bila laini ya jina lako huwezi kujithibitisha mtandaoni, kwa hiyo kuagiza vitu, kulipa na app, mpaka kujisajili kwenye huduma ndogo ndogo zote ni ukuta. Kwa hiyo kabla hujalipa hata won moja uliza: mnatoa mkataba wenye mhuri? Mnajaza ile fomu ya kuthibitisha makazi, sukso jegong hwakinseo? Goshiwon niliyokaa walitoa siku hiyo hiyo pamoja na kopi ya usajili wa biashara yao. Nyingine niliyoiulizia kabla, bei nzuri tu, walisema wao makaratasi hawatoi, nikageuka. Miadi ya uhamiaji fanya mapema kwenye tovuti yao ya HiKorea maana nafasi zinajaa mwanzo wa muhula, na ukiwa na swali piga 1345, namba yao ya msaada, wana lugha 20, Kiswahili hakipo ila Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu zipo. Halafu barua zako zote, za bima ya afya na za uhamiaji, zitakuja kwenye anwani hiyo na zinarundikwa mlangoni kwenye kabati la viatu, pita uangalie kila siku.

Usalama wa moto nauongelea kwa uzito wake. Novemba 2018 goshiwon moja ya Jongno hapo hapo Seoul iliungua alfajiri, watu 7 wakafa, wengi walikuwa wanaume wa umri mkubwa wanaofanya vibarua, na jengo halikuwa na sprinkla, vile vimwagia maji vya darini moto ukiwaka. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa na hata nyumba za zamani zikatakiwa kuweka. Ukienda kuangalia chumba inua macho darini utafute kile kichwa cha sprinkla, angalia kizima moto kiko wapi, ngazi ya dharura haijajazwa maboksi, na kwenye madirisha ya floo ya tatu kwenda juu uliza kile kifaa cha kujishushia kwa kamba, wangangi, kiko wapi na kinafungwaje. Namba ya zimamoto na ambulensi ni 119. Nimewahi kuingia nyumba moja mlango wa dharura umefungiwa baiskeli, sikuuliza hata bei.

Kuhusu wanaoiendesha. Kuna wonjang, huyo ndo mwenye biashara, na kuna chongmu, mara nyingi ni kijana anayesoma mtihani fulani anakaa mapokezi kwa kupunguziwa kodi. Chongmu ndo mtu wako, taa ikiungua ni yeye, joto likigoma ni yeye, na mjue joto na eisi vya sehemu nyingi vinawashwa kutoka kwake kwa ratiba, si wewe unaamua, ukiwa mtu wa kusikia baridi uliza hilo wakati wa kupanga. Ongea naye kwa heshima, mpe vitu kwa mikono miwili, usimwite kwa jina tupu, sema chongmunim, utaona tofauti. Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, ilipofika, mji umekuwa kimya, migahawa mingi imefungwa, wenzetu wote wameenda kwao, wonjangnim wetu mama mmoja wa umri wa shangazi alileta sinia la songpyeon jikoni, zile keki ndogo za mchele zenye ufuta ndani, akagonga milango ya tuliobaki mmoja mmoja akitaka tuje kula. Tulikaa jikoni, mimi, dada wa Mongolia, yule ajeossi na kijana mmoja wa Uzbekistan, kila mtu anakula na kueleza kwao sikukuu ya mavuno inakuwaje kwa Kikorea cha kuchechemea. Hilo kwenye bei halijaandikwa.

Si zote ziko hivyo. Malalamiko ninayoyasikia sana ni ya kurudishiwa hela: umelipa mwezi, umekaa siku chache umeona hakufai, unaambiwa mkataba umeandika hakuna kurudisha. Usikubali kirahisi, kuna kituo cha ushauri wa wateja namba 1372, na mwongozo wao wa migogoro unasema anayeondoka katikati anastahili sehemu iliyobaki baada ya kukatwa siku alizokaa na fidia kidogo. Tafuta Mkorea au mtu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akupigie, wengi wakisikia hiyo namba wanalegea. Na njia bora zaidi ni usilipe miezi mitatu kwa mkupuo hata wakikupa punguzo, lipa mmoja uone.

Kutafuta tumia app ya Gobang au Naver Map andika goshiwon kwa Kikorea, lakini usilipe kwa picha, picha zinapigwa na lenzi inayotanua chumba mara mbili. Panga hosteli usiku kadhaa, nenda kaone kwa miguu, na nenda jioni saa mbili tatu hivi watu wakiwa wamerudi, hapo utasikia kelele halisi, utaona foleni ya bafu, utanusa jiko. Fungua bomba la maji ya moto uone linachukua muda gani. Gusa ukuta nyuma ya kitanda, ukiwa na unyevu achana nacho. Karatasi mpya ya ukutani kipande kimoja tu na kwingine ya zamani, jua kuna ukungu umefichwa.

Kukaa muda mrefu siungi mkono. Kiwango cha serikali yenyewe cha makazi ya mtu mmoja ni mita 14 za mraba na chumba kile hakifiki hata nusu, mgongo unaumia, rafiki huwezi kumkaribisha, na baada ya muda unaanza kukwepa kurudi nyumbani unazurura kwenye kafé mpaka usiku ambapo hela unayookoa kwenye kodi inaishia kwenye kahawa. Kadi ikishatoka, benki ipo, Kikorea cha kumuelewa dalali kipo, anza kukusanya dipoziti, au tafuta watu wawili watatu mchange nyumba. Ukishahama una siku 15 za kubadilisha anwani, unaweza kwenda uhamiaji au ofisi ya serikali ya mtaa unakohamia, hapo mtaani ni haraka zaidi, unafika na kadi na mkataba mpya na mara nyingi unaondoka umemaliza. Ukichelewa ni faini, na inabaki kwenye rekodi yako siku unapoomba kuongeza viza.